Kitanda hakimharibu mbwa

Mwaka 2024 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti kuhusu watu wazima wapatao 1,600 wa Marekani na wanyama wanaolala nao. Haukukaa sana kabla ya kubanwa ukawa sentensi moja, ambayo bado inazunguka kwenye simu za watu: kulala na mbwa kunaharibu usingizi. Waliokuwa wakimfukuza mbwa kitandani siku zote wakapata cha kushikia. Wenye mbwa nao wakajibu kwa kura ya maoni ya mwaka 2022 ya Akademia ya Tiba ya Usingizi ya Marekani, ambamo karibu nusu ya waliohojiwa walisema wanalala na mnyama kitandani, na kati yao waliodai kwamba wanalala vizuri zaidi walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliodai wanalala vibaya. Basi kila upande umeshika karatasi yake, na hakuna anayeisoma ya mwenzake. Mimi naona wote wanagombania godoro, na godoro ndilo dogo kuliko yote katika shauri hili. Kupanda kitandani hakumharibu mbwa tabia, na mtu mzima mwenye afya hakumpotezei usingizi mwingi. Lakini wako watu ambao hawafai kabisa kulala na mbwa, na wako mbwa ambao hawafai kabisa kupandishwa, nasi tunawapita hao bila kuwaona kwa sababu tumeshughulika kuuliza kama desturi yenyewe ni njema au ni mbaya.

Tuanze na utafiti wenyewe. Waliolala na wanyama walieleza kwamba usingizi wao ni hafifu na wakaonyesha dalili kali zaidi za kukosa usingizi, na uhusiano huo ulionekana kwa wenye mbwa, si kwa wenye paka. Hapo ndipo sentensi ya simuni inapokomea. Kipande kilichoachwa nyuma ni kwamba katika kile wataalamu wanachokiita ufanisi wa usingizi, yaani sehemu ya muda uliokaa kitandani ambayo kweli umelala, tofauti haikuonekana. Tena watu waliulizwa mara moja tu, wakajieleza wenyewe. Takwimu za namna hiyo zinakuonyesha mambo mawili yakitembea pamoja. Hazikuambii lipi limelivuta lingine. Mtu anayekesha kwa mawazo, anayegeuka ubavu huu na ubavu ule hadi alfajiri, ndiye hasa mwenye sababu ya kumwita mbwa wake apande. Ukimkuta asubuhi na macho mekundu na mbwa ubavuni, huwezi kumhukumu mbwa kwa kosa ambalo huenda aliitwa kulipunguza. Sisemi mbwa hana hatia. Nasema ushahidi huu hautoshi kumtia hatiani.

Utafiti unaosaidia zaidi ni wa zamani kidogo na mdogo zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 40 wasio na maradhi ya usingizi, waliovaa kifaa cha kupima mwendo mkononi, huku mbwa wao wakivaa chao shingoni, kwa usiku 7 nyumbani kwao. Waliokuwa na mbwa chumbani lakini si kitandani walikuwa na ufanisi wa asilimia 83. Waliokuwa naye kitandani, asilimia 80. Kwa mtu anayekaa kitandani saa 8, pengo hilo ni kama dakika 14 kwa usiku. Dakika 14 si kitu kwa mmoja, na ni kitu kikubwa kwa mwingine ambaye tayari analala saa 5 na kuamkia kazi ya kuendesha gari. Ila kinachonivutia hapo ni mpaka wenyewe ulipopita: mbwa akiwa chumbani, watu walilala vizuri vya kutosha, na tofauti ilikuja pale alipovuka kutoka sakafuni kwenda juu ya godoro. Mabishano yetu karibu yote hayaujui mpaka huo. Yanajua mbwa wa ndani na mbwa wa nje, kana kwamba katikati hakuna sakafu. Ni haki pia kusema kwamba hapakuwa na vitoto vya mbwa katika kundi lile na kila mtu alikuwa na mbwa mmoja chumbani, kwa hiyo anayelala na wawili, mmoja akiwa wa miezi mitatu, asijifariji na asilimia 80.

Sababu ya pengo hilo haina fumbo. Binadamu hulala kipande kimoja kirefu. Mbwa hulala vipande vipande. Watafiti waliowahi kuwaangalia mbwa usiku kucha walikuta kwa wastani wanalala kama dakika 16, wanaamka kama dakika 5, halafu wanalala tena, mizunguko ipatayo 23 kwa saa 8. Katika dakika hizo 5 mbwa hana nia mbaya. Anainuka, anazunguka mara mbili mahali pamoja, anakwangua blanketi kwa kucha kama anayetafuta kitu chini yake, anajitupa, na mgongo wake unatua nyuma ya magoti yako ukiwa umeivuta shuka yote upande wake. Kisha anakumbuka ukucha mmoja na kuanza kuulamba, chwa, chwa, chwa, hadi useme naye. Juu ya hayo mwili wake una joto la nyuzi 38 hadi 39, wakati mwili wako unajaribu kupoa ili usingizi uzame. Wa kitandani anapojisogeza, nawe unajisogeza. Watafiti wa Australia waliowafungia vipima mwendo wanawake wachache na mbwa wao waliliona hilo, na wakaona pia kwamba asubuhi wenyewe walikuwa wamesahau sehemu kubwa ya misukosuko ya usiku.

Usahaulifu huo unaeleza kwa nini pande mbili hazielewani. Kifaa kinahesabu mitikisiko, mtu anahesabu utulivu wa moyo. Mwaka 2018 watafiti waliwahoji wanawake 962 nchini Marekani, na waliokuwa wakilala na mbwa walisema mbwa huwasumbua kidogo kuliko binadamu wanayelala naye, tena huwapa hisia kubwa zaidi ya faraja na usalama. Kuna wanaosoma hayo na kucheka, kama vile hisia si kitu. Mimi sicheki. Mtu anayeishi peke yake akisikia mlio usiku hafikirii hesabu za ufanisi, anamtazama mbwa. Ikiwa sikio la mbwa halijainuka, mlio ule ni wa mbao zinazopoa, na mtu anarudi kulala pale pale badala ya kukaa saa nzima akisikiliza giza. Faida hiyo haionekani kwenye jedwali kwa urahisi, kwa sababu usiku ambao haukuharibika hauachi alama. Lakini angalia vizuri: faida hiyo nayo haihitaji mbwa awe juu ya godoro. Mbwa wa sakafuni ana masikio yale yale.

Hoja ya pili, na ndiyo nzito kuliko zote, ni maradhi. Mwaka 2011 Bruno Chomel wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na mwenzake Ben Sun walikusanya katika jarida la Emerging Infectious Diseases taarifa za maambukizi yaliyohusishwa na kulala na wanyama au kulambwa nao, kuanzia tauni inayoletwa na viroboto hadi bakteria wa kwenye mate. Orodha ile inatisha ukiisoma haraka. Ukiisoma polepole unaona visa vichache vilivyotawanyika katika miaka mingi, na waandishi wenyewe walisema ni nadra, ingawa ni kweli. Kosa letu ni kuyachukua maradhi yote ya mbwa tukayatupa kitandani kwa pamoja, wakati kila moja lina njia yake. Kichaa cha mbwa, ambacho kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka na karibu wote wameumwa na mbwa, hakijali mbwa analala wapi. Mbwa asiyechanjwa ni hatari kitandani, sebuleni na getini sawasawa, na anayemlaza nje bila chanjo hajajikinga na chochote.

Minyoo inafundisha zaidi, kwa sababu inageuza mambo tunayodhani tunayajua. Mayai ya minyoo mviringo ya mbwa, wale ambao kitoto cha mbwa huzaliwa nao tayari kutoka tumboni mwa mama yake, hayaambukizi yakiwa mabichi. Yanahitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Maana yake ni kwamba kona ya uwanja anakojisaidia mbwa, ambako mtoto anachezea mchanga kisha anatia vidole mdomoni, ina hatari kubwa kuliko shuka. Lakini yuko tegu mmoja mdogo sana ambaye mayai yake huambukiza mara tu yanapotoka, hunata kwenye manyoya, na kwa binadamu humea vifuko vya maji kwenye ini au mapafu, vikikua kimyakimya kwa miaka. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu mabichi ya kondoo au mbuzi aliyekwisha ambukizwa. Kwa hiyo mbwa wawili wanaweza kuwa wamelala kwenye vitanda viwili vinavyofanana, wote wameogeshwa, wote wananukia sabuni, mmoja hana tatizo na mwingine hafai kuguswa bila kunawa mikono, na tofauti yao ni walichokula na ni lini mara ya mwisho walipewa prazikwanteli, dawa ya kuua tegu. Sabuni haimwoni tegu. Kupe na viroboto ni habari hiyo hiyo kwa sauti ya chini: dawa ya kila mwezi inafanya kazi ambayo mlango wa chumba uliofungwa hauwezi, maana kiroboto aliyeletwa na mbwa hadi sebuleni anajua njia ya chumbani.

Kwa Mwislamu kuna swali jingine ambalo takwimu za usingizi hazina mamlaka nalo. Kwa madhehebu ya Shafii mbwa ni najisi, na kilichoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wanamwona tohara. Anayefuata hukumu ya madhehebu yake ana jibu lake, na sioni kwa nini mwandishi wa makala ahangaike kumbadilisha. Ninachoomba ni tusiivishe hukumu ya dini koti la daktari, wala hofu ya minyoo kanzu ya shehe. Kila moja isimame kwa miguu yake.

Sasa hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Inasema mbwa ni mnyama wa kundi, kundi lina bwana, na ukimlaza juu pamoja nawe anahesabu kwamba amepanda cheo. Kesho atakubwekea, kesho kutwa atakuuma. Wenye kuisema huitilia nguvu kwa methali ya wahenga, kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Methali ile inawahusu watu na mipaka baina yao, na ni nzuri kwa kazi hiyo. Ila nadharia ya bwana wa kundi ilizaliwa kwingine kabisa. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu aliowaangalia katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi: wanyama wazima wasio jamaa, waliofungiwa pamoja mahali padogo, wakapigana kama ambavyo wangepigana viumbe wowote waliofungiwa hivyo. Mtafiti mwingine wa mbwa mwitu, L. David Mech, akayaendeleza mawazo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970, kikasomwa dunia nzima. Kisha Mech huyo huyo akaenda kuwaangalia mbwa mwitu porini, akakuta kwamba kundi kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao, na wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Aliliandika hilo wazi mwaka 1999, akahangaika miaka mingi kuwaomba wachapishaji wakiache kitabu chake cha kwanza. Nadharia ikabaki mitaani wakati mwenyewe ameshaikana.

Na hapo tunazungumzia mbwa mwitu. Kwa mbwa wa nyumbani, mwaka 1992 Victoria Voith na wenzake walichapisha majibu ya wenye mbwa zaidi ya 700 kuhusu mambo yanayoitwa kudekeza, na mbwa waliodekezwa hawakuonekana kuwa na matatizo ya tabia zaidi ya wasiodekezwa. Mtu anaweza kusema huo nao ni utafiti wa kujieleza, na atakuwa na haki. Nimeutumia kigezo hicho hapo juu, siwezi kukikwepa hapa. Lakini mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai kwamba godoro linapandisha cheo, na hajauinua. Mbwa anapanda kitandani kwa sababu ni laini, kuna joto, na upo wewe. Ubaya wa nadharia hii hauko kwenye uongo wake tu. Uko kwenye yanayofanywa kwa jina lake. Mtu aliyeaminishwa kwamba mbwa anagombea utawala humshusha kwa nguvu, kwa kumvuta ukosi, kwa sauti kali, tena gizani, mbwa akiwa nusu usingizini. Hivyo ndivyo watu wanavyoumwa. Kama kuna methali inayofaa chumba hicho, ni ile ya aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Maana kweli wako mbwa wasiofaa kitandani, na dalili yao inajulikana. Mguu wako unamgusa chini ya blanketi, naye hajisogezi, anakakamaa. Mwili wote unakuwa mgumu kwa nukta moja, jicho linageuka hadi weupe wake uonekane, kichwa hakiinuki, halafu ndipo unakuja mngurumo mdogo wa kooni. Watu wengi hungoja mngurumo, wakati ugumu ule uliotangulia ndio ulikuwa onyo. Mbwa huyo analinda mahali, au anaumwa kiuno, au ni mzee anayeshtuka usingizini kwa kuwa masikio na macho yamepungua. Wote watatu wanahitaji daktari wa mifugo kabla ya mkufunzi, na wote watatu walale chini, kwenye tandiko lao, bila adhabu. Nawajua wenzi wawili ambao mbwa wao alimruhusu mke kupanda kitandani na si mume. Walilifanya kichekesho kwa muda mrefu, na mume akawa analala sebuleni. Jambo la kupima hapo ni jepesi, na mtu anaweza kulifanya leo mchana, si usiku: mwambie ashuke, kwa sauti ya kawaida, ukiwa na kipande cha nyama mkononi. Akishuka mkia ukicheza, una mbwa anayelala kitandani kwa ruhusa. Asiposhuka, hiyo si ruhusa tena.

Wapo pia watu ambao kwao sina majadiliano. Mtoto mchanga halali kitanda kimoja na mbwa, hata mbwa awe mpole kama maji. Madaktari wa watoto wanataka mchanga alale peke yake, kwenye godoro gumu, bila mito wala blanketi, sembuse kiumbe chenye kilo 20 kinachojigeuza kila robo saa. Anayepata tiba ya kemikali ya saratani, aliyepandikizwa kiungo, aliyetolewa bandama: kwao bakteria wa kawaida wa mdomoni mwa mbwa mzima wa afya, ambaye mimi nikilambwa naye siugui, anaweza kuingia kwenye damu na kuua kwa siku chache. Mwenye pumu inayochochewa na mbwa afunge mlango wa chumba moja kwa moja, na asidanganyike na wauzaji wa mbwa wasioleta mzio, kwani kinacholeta mzio kimo kwenye mate na magamba ya ngozi, na mbwa asiye na ngozi hajazaliwa.

Katazo la jumla linawaumiza hasa watu hawa. Kulala na mbwa kukishakuwa jambo la aibu, watu huliacha kulisema, si kulifanya. Mgonjwa anayeanza tiba inayoshusha kinga anaulizwa kuhusu sigara, pombe na dawa za mitishamba. Akiulizwa kama ana mbwa anajibu ndiyo, mlinzi tu, yuko nje, kwa sababu ameshachekwa mara nyingi vya kutosha. Daktari anaandika na kuendelea, na usiku ule mbwa yuko mchagoni, anamlamba mkono ulipochomwa sindano. Daktari wa mifugo naye anauliza umri na uzito wa mbwa, anatoa dawa ya minyoo ya ratiba ya mbwa wa uwanjani, hajui kwamba huyu analala kwenye foronya ya mtoto wa miaka minne na kwamba kila Jumamosi hutupiwa mapafu mabichi. Maswali mawili yangetosha, yakiulizwa kwa uso wa kawaida kama yanavyoulizwa mengine: analala wapi, na anakula nini. La kwanza aliulize daktari wa binadamu, la pili wa mifugo, na kila mmoja aandike jibu kwenye faili bila kuinua nyusi.